Mama Pacha Si Jina la Pasipoti

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua niliishia wapi. Kwa mgeni, nitasema kwa kifupi maana hata kusimulia mara ya pili kunanichoma: mimi ni bwana harusi niliyekosa harusi yangu mwenyewe.

Uwanja wa ndege waliniambia pasipoti imekwisha muda. Nikageuzwa pale kaunta na sanduku langu la zawadi, suti ya harusi nimeikunja juu kabisa isijikunje. Nyumbani turubai lilishafungwa. Ticha alishapakwa hina.

Ticha ni mchumba wangu. Anafundisha chekechea, mtaa mzima unamwita hivyo, na mimi nimezoea.

Badala ya kupiga simu na kusema ukweli, nilituma picha nikiwa nimelazwa. Nafanya kazi ya udobi katika hospitali kubwa ya huku ugenini, kwa hiyo kitanda hakikunisumbua. Kilikuwa kibovu, kimetupwa korido ya nyuma. Shuka nilikuwa nimeifua mwenyewe asubuhi ile. Dripu ilibandikwa kwa plasta, haikuingia popote. Aliyenipiga picha ni mwenzangu wa kusukuma toroli la nguo chafu, ambaye tunamwita Profesa kwa kuwa hakuna asichokijua. Alinishauri nilegeze mdomo kidogo.

Picha ilitoka nzuri mno. Mama alilia siku nzima.

Mpango wangu ukawa mmoja tu: nipate pasipoti upesi, nipone ugonjwa ambao siumwi, nirudi, harusi ipangwe upya na Ticha asijue kitu mpaka tunazeeka. Ndiyo maana wiki hii mnanikuta ubalozini.

Ubalozi wetu uko ghorofa ya tatu, juu ya daktari wa meno. Ukipanda ngazi unasikia kwanza mashine ya kuchonga meno, kisha unasikia watu wa kwenu wanagombania foleni, na moyo unatulia kidogo.

Niliketi na namba yangu mkononi. Viti vimeunganishwa kwa chuma, mmoja akitingisha mguu mnatingishika wote. Aliyekuwa anatutingisha ni mzee mmoja mwenye koti zito, amekaa kulia kwangu.

“Mara ya ngapi hii, kijana?” akaniuliza.

“Ya kwanza, mzee.”

“Hongera. Mimi wananijua mpaka mfagizi.”

Namba yangu ikaitwa.

Dirisha lenyewe lina kioo kizito, na kioo kina tundu chini, usawa wa kitovu. Ukitaka afisa akusikie unainama kama unayeomba msamaha. Yeye mwenyewe ana kipaza sauti upande wake. Kwa hiyo wewe unanong'ona tunduni, na yeye anasikika hadi ngazini.

Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, blauzi imenyooka sawasawa. Dobi huangalia nguo kabla ya sura, mnisamehe.

“Habari za asubuhi, dada.”

“Nzuri. Dada yako yuko nyumbani, mimi niko kazini. Fomu.”

Nikasukuma fomu, barua ya mwajiri na pasipoti yangu ya zamani chini ya kioo. Siku hizi pasipoti za zamani hazirefushwi muda. Unaandikishwa upya kama mtoto aliyezaliwa jana: baba nani, mama nani, walizaliwa wapi.

Akasoma kimyakimya. Kalamu yake ikawa inateremka vizuri, mstari kwa mstari, mpaka ikasimama.

“Jina la mama mzazi,” akasema kwenye kipaza sauti. “Kitinda Pacha.”

Akavua miwani.

“Huyu ni mzazi, au ni timu ya mpira?”

Ukumbi ukacheka. Mzee wa koti alicheka kwa kuchelewa, kwa hiyo nikachekwa mara mbili.

“Ndivyo anavyoitwa,” nikasema tunduni.

“Na nani?”

“Na watu wote.”

“Mimi sijauliza watu wanamwitaje. Nimeuliza jina lake.”

Mtu mzima, ndevu kidevuni, mwenye kutaka kuoa, sijui jina la mama yangu.

Msinicheke kabla hamjajipima. Mimba yake ya kwanza ilikuwa pacha, dada yangu na kaka yangu, na tangu siku hiyo mtaa ukalizika jina lake, akawa Mama Pacha. Wajomba zangu walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa bibi. Baba, Mungu amrehemu, alimwita “wewe”. Na mtoto kwetu hamtaji mzazi jina. Tulipogombana utotoni, tusi kubwa kuliko yote lilikuwa kumtajia mwenzako jina la mama yake mbele za watu. Wenzangu walitajiwa wakalia. Mimi hakuna aliyeniweza, kwa kuwa jina lenyewe hakuna aliyelijua. Nikajiona mjanja.

“Pasipoti ya kwanza alikujazia nani?”

“Kaka yangu. Mimi nilipeleka picha tu.”

“Fomu za shule?”

“Baba.”

“Na wewe katika maisha yako umewahi kujaza nini?”

Nikarekebisha kola ya shati.

“Sikiliza, kijana. Jina la mama yako ninalo hapa mbele yangu kwenye kompyuta. Hili ulilokuja nalo silo.”

“Basi nitajie, mama, nitakumbuka.”

“Nikutajie? Kila anayeokota pasipoti ya mwenzake akija hapa nimtajie na jina la mama?” Akaisukuma fomu kwangu. “Piga simu nyumbani uulize. Dakika moja tu.”

Dakika moja tu. Kwake yeye. Mimi nyumbani natakiwa niwe nimelala chali na dripu mkononi. Tangu nilipotuma ile picha nilikuwa nawasiliana nao kwa ujumbe mfupi tu, “naendelea vizuri, msiwe na wasiwasi”, nikiogopa sauti yangu isiyo na ugonjwa isinichongee.

“Simu yangu haina salio,” nikasema.

“Nitapiga mimi.”

“Hapana, mama, usisumbuke, nitarudi hata kesho...”

“Kesho ubalozi umefungwa. Na namba ya mzazi umeiandika mwenyewe hapa.”

Akanyanyua mkonga wa simu ya mezani, akabonyeza, akausogeza kwenye kipaza sauti. “Ili na wewe usikie. Usije kusema nimekutungia.”

Simu ikaita ukumbi mzima. Niliomba isipokelewe. Sijawahi kuomba vile tangu mitihani ya shule.

“Haloo! Nani mwenzangu?”

Sauti ya Mama, nyembamba na yenye haraka, ikatoka kwenye spika za ubalozi.

“Habari, mama. Nakupigia kutoka ubalozini, huku aliko mwanao.”

Nikamsikia akiwageukia watu: “Ubalozi! Jamani nyamazeni, ni ubalozi!” Sauti ikarudi kwenye simu imevunjika. “Amekufa? Niambie tu, binti yangu. Amekufa?”

Afisa akavaa tena miwani, akanitazama juu yake. Sikuweza kumtazama. Nilitazama vidole vyangu, jinsi dawa ya madoa ilivyovichubua.

“Hapana, mama, hajafa mtu. Nina kijana hapa dirishani, anasema wewe ndiye mzazi wake. Nataka kuhakikisha majina tu.”

“Dirisha gani?”

“Hapa, mbele yangu. Amesimama.”

“Hawezi kuwa yeye,” Mama akasema, na sauti sasa ikapata nguvu. “Mwanangu amelazwa. Hawezi hata kukaa. Picha yake ninayo, ana dripu, mdomo umemlegea. Huyo hapo ni tapeli! Amemwibia mwanangu vitambulisho akiwa mgonjwa! Mkamateni huyo, binti yangu, msimwachie!”

Mlinzi wa mlangoni akasogea. Mzee wa koti akavuta mfuko wake karibu na miguu yake.

Jamani, mama yangu alikuwa ananitetea. Alikuwa ananipigania mimi dhidi yangu. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini chini yetu kulikuwa na daktari wa meno.

Nikainama tunduni, nikapaza sauti imfikie kwenye mkonga.

“Mama, ni mimi. Ni Baba.”

Mama huniita Baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake. Kuna watu wawili tu duniani wanaoniita hivyo, yeye na mama yake mdogo.

“Baba?”

“Ndiyo, Mama.”

“Ni wewe? Kwani wamekuruhusu?”

Hapo Mungu alinifungulia mlango wa kusema kweli, nami nikapita dirishani.

“Wameniruhusu asubuhi hii,” nikasema.

Mama akapiga kigelegele. Kigelegele, ubalozini, kwenye spika. “Jamani katoka! Baba katoka hospitali! Anasimama mwenyewe!” Nyuma yake zikalipuka sauti nyingi, wanawake na wanaume, mtu akipiga makofi, mtu akisema Mungu mkubwa. “Hapa ninao wakwe zako, Baba. Wamekuja kunipa pole, na Ticha mwenyewe huyu hapa. Simu nimeiweka sauti ya juu, wanakusikia wote. Wasalimie!”

“Hamjambo,” nikasema.

“Hatujambo! Pole sana!” wakaitikia wote kwa pamoja.

Hata ukumbini kwetu mtu mmoja aliitikia pole.

Ningepona. Nawaambia ukweli, pale ningepona. Lakini afisa alikuwa ameshika barua ya mwajiri wangu, na ni mtu wa kusoma kila anachoshika.

“Umetoka hospitali leo?” akaniuliza.

“Ndiyo.”

“Ulilazwa tangu lini?”

Nikaanza kuhesabu siku kwa vidole.

“Kwa sababu barua hii imeandikwa juzi. Inasema hujakosa kazini hata siku moja mwezi mzima.”

Alisema kwenye kipaza sauti. Nilimpungia mkono kwamba azime. Hakuelewa, au alielewa sana.

“Kijana, mimi hapa naandika taarifa za serikali. Siwezi kuandika mgonjwa na mfanyakazi kwa wakati mmoja. Umelazwa au hukulazwa?”

“Baba, anasema nini huyo?” Mama akauliza.

Afisa akasogelea kipaza sauti, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo iliyonimaliza. “Mama, hospitali yuko kweli. Lakini mashuka anayafua, hayalalii.”

Kule nyumbani kelele zikakatika. Huku ukumbini hata aliyekuwa anakohoa alijizuia.

Nilikuwa mdogo kama kidonge cha piritoni.

“Baba,” Mama akasema. “Unaumwa au huumwi?”

“Siumwi, Mama.”

“Hukuumwa?”

“Sikuumwa.”

“Na ile dripu?”

“Ilibandikwa kwa plasta.”

Nilimsikia akivuta pumzi. Wakwe zangu walikuwa pale. Watu waliokwisha kurudisha turubai la watu na vyombo vya kuazima, kisha wakafunga safari kuja kumpa pole mama wa mgonjwa, wakamkuta hana mgonjwa. Mimi nilikuwa mbali, nimekingwa na bahari na kioo. Yeye alikuwa amekaa nao mkeka mmoja.

“Pasipoti iliisha muda,” nikaanza kujitetea, maneno yakitoka mbiombio. “Walinirudisha uwanja wa ndege. Niliona aibu, Mama. Niliogopa wakwe watasema mimi mzembe, nikaona bora niseme...”

“Iliisha lini?”

Hakuwa Mama. Alikuwa Ticha. Ana sauti moja anayowatumia watoto wake wa chekechea mtu akimwaga uji: hapandishi, hashushi, anasubiri tu umwambie ni nani.

“Ticha, mpenzi, hebu...”

“Nimeuliza pasipoti yako iliisha lini. Kama wewe hujui, mpe yule mama anisomee.”

Afisa akaigeuza pasipoti yangu ya zamani, akafungua ukurasa wenye picha, akaangalia tarehe. Akaifunga.

“Mimi siruhusiwi kutoa taarifa za mtu,” akasema. “Mwambie mwenyewe.”

Na hapa, wasomaji, inabidi niwaombe radhi na ninyi. Wiki iliyopita niliandika kwamba nilipigwa na butwaa pale kaunta, sikuwa na habari. Nikaandika jasho lilivyonitoka, mkanionea huruma. Nilidanganya. Tarehe ile nilikuwa naijua siku nyingi. Nilikuwa nikiifungua ile pasipoti, naitazama, naifunga, nasema nitakwenda ubalozini kesho. Leo kesho, leo kesho. Profesa akaniambia mtu anayerudi kwao hazuiwi, ni wale wanaotoka kwao tu. Nikalipenda neno lile. Nilikwenda uwanja wa ndege nikijua, nimevaa uso wa asiyejua.

“Iliisha kabla sijaleta posa,” nikasema.

“Kwa hiyo wazee wako walipokuja kukaa nyumbani kwetu,” Ticha akasema, “wewe ulijua huwezi kuja.”

“Nilifikiri nitawahi kuifanya.”

“Ulijua.”

“Nilijua.”

Nilisubiri anitukane, maana tusi lina faraja yake, mtu akishatukana amepunguza. Nikasikia miguu ikiburuzwa mkekani. Nikasikia mlango.

“Ametoka nje,” Mama akasema.

“Mama...”

“Wanataka jina langu, si ndiyo? Mwambie huyo mama aandike.”

Akayataja majina yake matatu. Aliyataja polepole, moja moja, kama mtu anayejitambulisha kwa mgeni. Sitayaandika hapa, nimeshamvunjia heshima ya kutosha. La kwanza lilikuwa zuri sana, na sikuwahi kulisikia. La pili lilikuwa langu.

Nilitaka kujipiga kofi. Mwanamke anayeniita Baba kila siku ya uhai wangu, mimi nimebeba jina la baba yake kwenye kila kitambulisho nilicho nacho, halafu kwenye nafasi ya jina lake la pili nikaandika Pacha.

Afisa akaandika. Akabonyeza. Akasubiri kompyuta yake iwaze.

“Limekubali,” akasema.

“Hongera,” akasema mzee wa koti nyuma yangu, sauti ya chini. Hakuwa ananikejeli.

“Tayari?” Mama akauliza.

“Tayari, Mama. Watanipa baada ya wiki chache. Nikishaipata tu nakuja, nitapiga magoti mbele ya wakwe, nitapiga magoti mbele yako, nitamwomba Ticha...”

“Ukiipata kaa nayo hukohuko,” akasema. “Mpaka nikuite.”

Simu ikakatika. Spika ikabaki inavuma mpaka afisa alipourudisha mkonga mahali pake.

Akanigongea muhuri kwenye stakabadhi. Akaikunja mwenyewe kabla ya kunipa, na watu wa madirishani huwa hawakukunjii. “Kijana,” akasema, mkono ameufunika kipaza sauti, “nina mtoto wa umri wako huko mbali. Nikitoka hapa nampigia.”

Nikashika ile karatasi. Nilipogeuka niliona ukumbi mzima unaniangalia, kisha kila mmoja akapata kitu cha kutazama sakafuni.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni.

Ilikuwa Ticha.

Pembeni ya dirisha pamebandikwa tangazo kubwa, simu haziruhusiwi. Nilimtazama afisa. Akageuka, akajifanya anatafuta faili kwenye kabati. Mlinzi naye akaangalia kiatu chake. Sijui nilifanya nini kustahili huruma yao.

Nikapokea.

“Nimetoka nje,” Ticha akasema. Alikuwa analia, lakini sauti bado hakuipandisha. “Nimewaacha wote ndani, nimekuja nyuma ya nyumba. Nataka kukuuliza kitu kimoja, na sitaki mtu mwingine asikie, si kwangu wala kwako. Nikuulize mimi, unijibu wewe. Ukinidanganya nitajua, na sitapiga tena.”

“Niulize.”

“Kwanza niambie. Hapo ulipo, uko peke yako?”

Mbele yangu kulikuwa na ukumbi mzima, mlinzi, na mzee wa koti aliyekuwa ameacha kutingisha mguu ili asikie vizuri. Nilichotakiwa kusema ni “subiri nitoke”. Maneno mawili. Mlango ulikuwa hatua chache tu.

“Ndiyo,” nikasema. “Niko peke yangu.”

Na nyuma yangu, kwenye kipaza sauti, namba inayofuata ikaitwa.